Nyuzi za Safu ya Juu

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu, na uitikie kwa sauti hata kama uko peke yako hapo kwenye cherehani, maana nimekumbuka sana kukusikia ukiitikia. Mimi mzima. Nyumba niliyopewa na mradi ina milango mitatu na unaofunga ni mmoja tu, wa choo. Mwambie mpwa wangu picha yake ya chuoni imefika, na amekuwa mrefu mpaka nikajiona mzee. Shemeji naye akirudi na lori lake mpe salamu zangu. Utauliza kwa nini sipigi simu. Huku mtandao unapatikana juu ya tangi la maji tu, na kupanda huko kila siku ni kutafuta kuvunjika shingo.

Niingie kwenye jambo lenyewe. Dereva wa gari la dawa anayekuletea barua hii amebeba pia boksi. Ndani kuna kipimo cha sukari na vijiti vyake, kioo kidogo cha mkononi na daftari jipya. Zahanati imekuambia una kisukari tangu miezi minne iliyopita, nawe umelikalia jambo hilo kimya kana kwamba ni siri ya serikali. Aliyeniambia ni mpwa wangu, na usimgombeze. Kila asubuhi kabla hujala, jitoboe kidole, pima, andika. Kila jioni weka kioo sakafuni utazame nyayo zako. Mwisho wa mwezi chana ukurasa umpe dereva aniletee.

Hii ndiyo kazi yangu hapa, dada. Nawafundisha wahudumu wa afya kumsaidia mgonjwa abadili mazoea yake: achague jambo moja dogo analoliweza, aliandike, na akilifanya asifiwe. Hatuna mashine kubwa wala madaktari wa kutosha. Tuna daftari na midomo yetu, na nimeona watu waliokwisha kukata tamaa wakirudi shambani kwa miguu yao. Nakuomba usinipige chenga katika hili. Yaliyompata mama yanatutosha.

Mdogo wako,
Kifungo

30 Januari

Kifungo,

Wewe uliyemeza kifungo cha koti la mteja ukiwa na miaka mitatu na mpaka leo hujakirudisha. Salamu yako nimeiitikia kwa sauti, mteja mmoja akanitazama kama aliyeingia duka asilolijua. Binti yangu ameanza mazoezi ya ualimu na jioni ananifundisha mimi. Shemeji yako yuko njiani, kama kawaida. Nimefurahi simu yako haifanyi kazi, maana kwenye simu unanihutubia. Kwenye barua angalau namaliza kusema.

Boksi limefika. Siku tatu za kwanza mkono ulikuwa unakataa, kidole nakiona lakini sindano haiendi. Mimi ninayeshika sindano tangu utotoni! Sasa nimezoea. Ukurasa huu hapa: Jumatatu 13.2, Jumanne 14.8, Jumatano 12.9, Alhamisi 14.1, Ijumaa 13.6, Jumamosi 14.4. Jumapili nilisahau, au nilijisahaulisha, chagua mwenyewe.

Nilikwenda nalo zahanati kama ulivyoagiza. Muuguzi akalisoma kwa sauti mbele ya foleni nzima, kisha akasema mama wa nguo atatuaibisha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wateja wangu wawili walikuwa kwenye foleni hiyo. Mmoja nilikuwa nimempima kiuno siku moja kabla, na naapa alicheka.

Jambo langu dogo nimelichagua. Nimeshuka kutoka vijiko vinne vya sukari kwenye chai hadi viwili. Chai ya vijiko viwili ni maji yenye huzuni, lakini nakunywa.

Utakuja lini? Miaka minne hujaukanyaga mlango huu. Chumba cha kushonea kiko vilevile alivyokiacha mama, hata nyuzi zake zilizobaki sijazigusa, nanunua nyingine.

Dada yako

18 Februari

Dada,

Natumaini mko salama wote. Huku joto limekuwa kali, na dereva ameugua, ndiyo maana nimechelewa. Wahudumu wangu kumi na wawili wamehitimu juma hili na wamenipa kalamu kama zawadi, ndiyo hii ninayoandikia.

Dada, 14.8. Niliuona ukurasa wako asubuhi na siku hiyo sikula. Nililala na ile namba, nikaamka nayo. Sikulaumu, ila najua namba hizo zinakwenda wapi, kwa sababu nilikuwa pale mama alipokwenda nazo. Vijiko viwili havitoshi, acha sukari kabisa. Tembea nusu saa kila siku baada ya kufunga kazi. Vidonge asubuhi na jioni bila kuruka. Punguza mkate. Wimbo wetu kwenye mradi ni jambo moja dogo, najua, lakini wewe si mtu wa mradi, wewe ni dada yangu na sina mwingine.

Nikipata ukurasa wenye saba saba tu, siku hiyo nitapanda kwenye tangi nikupigie, hata nikianguka.

Hukuniambia lolote kuhusu kioo. Na usiniulize tena nitakuja lini, kazi ni nyingi.

Kifungo

2 Aprili

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Ilikuwa ni msimu wa sare za shule, nimeshona mpaka mgongo ukasema basi. Sote wazima. Binti yako (maana mpwa ni binti) amepata alama nzuri na amenunua miwani asiyoihitaji ili wanafunzi wamwogope. Shemeji yako alikuwepo siku tatu, akala, akalala, akaondoka.

Sasa furahi. Ukurasa huu hapa, na uzikwe wasiwasi wako: Jumatatu 6.8, Jumanne 7.4, Jumatano 7.1, Alhamisi 8.3, Ijumaa 6.6, Jumamosi 7.9, Jumapili 7.2. Wiki nyingine ziko nyuma ya karatasi, nazo nzuri vilevile. Sukari nimeacha. Zahanati wamenisifu, tena yule yule muuguzi, na kwa sauti ile ile.

Kioo nimekipa kazi, wateja wanajitazama nacho mgongo wa gauni. Usikasirike.

Nina jambo lingine ambalo sijamwambia mtu, na nikikuambia usinicheke. Mama amerudi kwenye cherehani. Unakumbuka mwaka ule wa mwisho, baada ya kukatwa mguu, alivyokuwa akikanyaga kwa mguu mmoja? Ule mdundo uliokuwa ukivutavuta, unakimbia kidogo, unakwama, unakimbia tena. Wiki ya pili sasa nausikia. Naanza kushona mchana, mtaa umetulia kwa jua, na mara sauti ya mashine yangu inakuwa ya kwake. Nikiacha, inaacha. Juzi binti alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi, amepauka. Akasema, "Mama, nilidhani ni bibi."

Nikamwambia arudi jikoni. Na nikuambie ukweli, Kifungo, mimi siogopi. Naikaribisha. Naogopa tu siku itakayonyamaza.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote. Mimi mzima.

Barua yako niliifungulia darasani, mbele ya wahudumu wapya. Nilitaka kuwasomea ukurasa wako kama mfano wa mtu aliyefanikiwa. Nikasimama na karatasi, nikafungua mdomo, nikasoma Jumatatu na Jumanne, kisha nikashindwa kuendelea. Nikawaambia nimekumbuka shughuli, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nakuuliza mambo mawili na unijibu kwa dereva huyuhuyu, atapita kwako tena kabla ya mwisho wa mwezi. Namba hizi umezitoa wapi? Na unakanyaga cherehani kwa mguu gani?

Kifungo

10 Mei

Kifungo,

Tumepokea salamu. Huyo dereva wako alipita nikiwa na hasira, ndiyo maana alirudi mikono mitupu, na leo amenikuta bado ninayo. Unaniuliza nimezitoa wapi, mimi niliyekuvisha viatu, niliyekufuta kamasi? Nimezitoa kidoleni. Ulitaka saba saba nimekuletea saba saba, na badala ya kupanda kwenye tangi kama ulivyoahidi, unaniita mwongo kwa mistari minne. Nilikaa siku nne nikisubiri simu. Nilikuwa naingia nayo hadi bafuni.

Kama kuna mtu mwenye mambo ya kueleza hapa ni wewe. Ulimzika mama Jumamosi, Jumatatu ukaondoka na begi la shule. Tangu hapo umekuwa mtu wa kuja kwa siku mbili na kukaa uani. Chumba cha kushonea huingii. Mara ya mwisho nilikutuma mkasi humo, ukasema hujauona, na ulikuwa umesimama mlangoni macho chini. Mimi nimekumezea miaka yote hiyo. Sikukuuliza kwa nini, nikadhani huzuni yako imeumbwa hivyo.

Kuhusu mguu, ninayo miwili na yote ni yangu.

Kiatu cha kushoto cha mama bado kiko chini ya meza. Jana nilikigonga kwa bahati mbaya nikasema samahani, mama. Halafu nikakaa hapo nikasubiri aseme si kitu.

Dada yako

23 Mei

Dada yangu,

Leo nisamehe, salamu ni fupi. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Nenda sasa hivi kwenye chumba cha kushonea. Simama pale alipokuwa akikaa mama, geuka nyuma, tazama rafu ya nyuzi, safu ya juu. Kila uzi una karatasi ya namba ya rangi kwenye kitako chake. Soma kutoka kushoto: 68, 74, 71, halafu 83, mwekundu, uuruke kwa sasa kama haupo mahali pake. Kisha 66, 79, 72. Ziwekee nukta katikati. Sasa fungua daftari la kijani la mama, ambalo najua unalo kwenye droo pamoja na futi yako ya kupimia, kwa sababu umelinakili.

Namba zile nilizitunga mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu ilikuwa kumpima mama kila asubuhi. Mwezi wa kwanza niliandika ukweli, kumi na sita, kumi na nane. Akienda nalo kliniki anagombezwa mbele ya watu, kama ulivyogombezwa wewe. Akirudi hali, hasemi, anashona tu ameinamia kitambaa. Siku moja nilimtoboa kidole, kipimo kikasoma 19.6, nikakigeuzia kwangu. Akaniuliza, "Ngapi, mwanangu?" Nikainua macho ili nisimtazame, na juu ya bega lake ulikuwa uzi mweupe, 68. Nikasema sita nukta nane. Dada, alitabasamu. Akaomba chai. Sikuwahi kuona mtu akipona usoni haraka namna ile.

Kesho yake nikasoma uzi wa pili. Safu tatu, wiki tatu, kisha naanza upya. Kliniki wakamsifu. Waliposoma daftari zuri hawakuongeza dawa, kwa nini waongeze? Kila mtu alifurahi miezi minane. Kidonda kilipoonekana kilikuwa kimeshafika mfupani, na daktari akashika daftari langu akasema haelewi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Ndiyo sababu siingii chumba kile. Zile nyuzi zinanitazama. Ndiyo sababu nilisomea kazi hii, nikaenda kijiji hadi kijiji nikifundisha watu kuandika namba za kweli, na kila mgonjwa akiniletea daftari zuri nalala vibaya. Halafu nikakufanyia wewe lile lile lililomfanya mama ahitaji uongo. Nilikuambia sikula kwa ajili ya namba yako. Mtu gani angeendelea kuandika kweli baada ya hapo? Sikukufundisha kujitunza, nilikufundisha kunifurahisha.

Na sasa la mwisho, linaloniumiza kuliko yote. Anayekanyaga si mama. Ni wewe, kwa mguu mmoja. Mwingine umeacha kuutumia kwa sababu una kitu ambacho hutaki kukiona, na huenda hata hakiumi, ndiyo hatari yake. Chukua kile kioo kwa wateja. Tazama. Halafu nenda hospitali kubwa, si zahanati, leo hii kabla cherehani haijapoa, na umpe binti daftari la kijani awaonyeshe, awaambie ni la uongo na nani aliliandika. Sema jina langu.

Nimepanda kwenye tangi mara tano. Simu yako haipokelewi.

Kifungo

27 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa kitandani kwangu, mguu wa kulia juu ya mto, chai isiyo na kitu mkononi. Binti hajambo, amesimamisha mazoezi kwa mwezi mmoja na ananiamuru kama darasa la kwanza. Shemeji yako alirudi, akaona, akaenda kulia nyuma ya lori akidhani hatumsikii. Simu ilikuwa imezimwa ndani ya droo, niliifungia humo siku ile nilipochoka kukusubiri.

Barua yako ilifika ikiwa na vumbi. Niliisoma mara moja, nikasimama pale uliponiambia, nikageuka. Nilisoma namba moja moja. Nilipofika ya tatu nikalitoa daftari la mama. Kisha nikamwita binti, nikamwambia alete kioo, nikamwambia atazame yeye kwa niaba yangu. Alitazama kwa muda mrefu. Akasema tu, "Mama, vaa kanga tuondoke."

Sindano ya mashine, Kifungo. Ilivunjika mwezi wa pili, nusu nikaiona, nusu nikasema imepotea. Ilikuwa kwenye wayo wangu. Nilitembea nayo wiki nyingi nikiwa nimevaa ndara na sikuhisi kitu. Nilichokiona ni unyevu kidogo kwenye ndara, nikaupa mguu mapumziko, nikakanyaga kwa mwingine, nikaficha hata kwangu mwenyewe. Kipimo nilikuwa nimekiacha kabla ya hapo, siku ileile niliposoma kwamba hukula. Nilipofungua droo kukificha nikakuta daftari la mama, na namba zake zilikuwa tulivu mno. Sikuona ni dhambi. Nilidhani naazima afya yake ya siku nzuri.

Wamekata vidole viwili. Mguu umebaki. Daktari amesema wiki mbili zaidi na tungezungumza mengine. Binti aliwaonyesha daftari, akawaambia ni la uongo, akasema na jina lako, kama ulivyotaka. Daktari alilifunga akasema anayo mengi kama hilo.

Sasa na mimi nina la kukuambia. Nimelala na daftari hili siku nyingi, na nimeona kitu ambacho wewe hukukiona, au ulikiona ukakipita. Miezi mitatu kabla ya kidonda, ile 8.3 inatoka Alhamisi na kuhamia Jumapili. Ni ule uzi mwekundu. Uko mwisho wa safu mpaka leo, na aliyeuweka huko ni mimi. Nakumbuka kabisa. Jumatano jioni mama aliniambia niutoe katikati niuweke mwisho. Nikamuuliza kwa nini, hatuna kazi ya nguo nyekundu. Akasema anataka kuona kitu. Kesho yake nilikuwa napiga pasi, ukampima, akakuuliza ngapi, ukasema sita nukta sita. Ulipotoka aliniuliza uzi ulioshika nafasi ya mwekundu una namba gani. Nikamsomea: sitini na sita. Alicheka, Kifungo, akacheka mpaka akajifuta macho kwa futi, na nilifikiri anacheka jambo la mteja. Akasema, "Mwache. Usimwambie kitu."

Mama alijua. Miezi mitatu mizima alijua, akakuuliza kila asubuhi na kukuachia usome nyuzi zake. Sijui kama alikuwa anakuhurumia wewe au anajihurumia mwenyewe. Kuna saa namkasirikia, maana angesema neno moja tu angekuwa na miguu miwili. Kisha nakumbuka na mimi niliagizwa kunyamaza nikanyamaza, bila hata kujua ni nini. Tulikuwa watatu katika uongo ule, na kila mmoja alidhani anamlinda mwingine. Usiubebe peke yako tena.

Jana binti alikaa kwenye cherehani, amalizie sare zilizobaki. Alikanyaga kwa miguu yote miwili, na mashine ikaenda sawasawa, haraka, kama ya mtu nisiyemjua. Nilimwita aache. Kisha nikamwambia aendelee, nikajifunika uso kwa shuka na kulia, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa na mama mle ndani, na sasa ameondoka kweli.

Nyuzi nimeziacha pale pale. Mwekundu haurudi katikati mpaka uje uuweke wewe kwa mkono wako.

Leo asubuhi ni 15.7. Binti amepima, nimesoma mwenyewe kwa sauti, ameandika mbele yangu. Ukimaliza kusoma hapa, kula.

Dada yako